Usingizi wa Mwinjuma

Watu wa upande wa Kinole walikuwa na mtu mmoja wa kuwalindia mahindi usiku, na hawakumchagua kwa ushujaa. Walimchagua kwa sababu usiku hakuwa akilala. Mwinjuma alikuwa na baridi yabisi. Ilimwingia magotini mwaka aliorudi kutoka pwani na msafara wa mizigo ya Wadachi, ikapanda mabegani, ikashuka viganjani, ikafanya maskani. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba, vya moto, havikunjiki. Jembe angelishika kwa nini? Mchana ulikuwa na nafuu yake. Usiku, watu wazima wa afya wanapojinyoosha na kusema alhamdulillahi, ndipo maradhi yalipoamka yakamkalia kitako. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi wengine tunasimulia tu.

Na nguruwe wa porini miaka hiyo walikuwa wengi kupita kiasi. Baada ya vita vya Maji Maji serikali ilizikusanya gobori zote, na nyavu za kuwindia nazo zikakatazwa, hata nguruwe wakazaana wakajiona ndio wenye milima. Wanaume wenye miguu mizima walikuwa wamepelekwa kwenye reli, iliyokwisha kufika Morogoro na sasa ikisukumwa kuelekea Kilosa. Nyama ya nguruwe kwetu ni haramu, lakini mahindi yetu kwake ni halali kabisa. Kundi moja likiingia shambani usiku, kukicha mna mabua na matope.

Shamba lenyewe halikuwa la Mwinjuma. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, naye alioa akahamia kwa mkewe, Hidaya, akakaa kwenye ardhi ya mkewe chini ya jicho la shemeji yake Mosi, mkubwa wa ukoo ule. Mume wa namna hiyo huheshimiwa kwa mikono yake. Akilima, ni mtu. Asipolima, ni mgeni aliyesahau kuondoka. Kwa hiyo mikono ilipomkatalia, Mwinjuma alikula kila tonge kama la wizi, mpaka siku Mosi mwenyewe alipomwambia kwamba kwa kuwa usiku halali, basi akae dunguni awalindie ukoo mzima, nao watamlimia. Mwinjuma alikubali kabla shemeji hajamaliza kusema.

Dungu lilikuwa jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya mahindi, lenye paa la nyasi na ngazi ya kupandia. Kutoka hapo kamba zilitandazwa pande zote, zimefungwa vifuu na vipande vya bati, mlinzi akivuta moja kelele zinatoka mwisho wa shamba. Palikuwa na debe tupu la mafuta ya taa na kirungu cha kulipigia. Mavuno matano Mwinjuma alikesha humo, na mavuno matano ukoo ulishiba. Alijivuna, na nani amlaumu? Mtu aliyepewa kazi na maradhi yake mwenyewe hana budi kujivuna kidogo, asije akalia.

Lakini mwili si debe. Mwaka wa tano hata ule usingizi wa mang'amung'amu aliokuwa akiupata mchana kivulini ulimkimbia. Kadiri alivyokosa kulala ndivyo viungo vilivyovimba, na kadiri vilivyovimba ndivyo alivyokosa kulala, mambo hayo mawili yakapatana kuliko ndugu. Siku moja ya gulio, jua la utosi, watu wakipita na mikungu yao ya ndizi, walimkuta juu ya dungu akipiga debe na kufukuza nguruwe ambao hawakuwapo. Watoto walicheka. Wakubwa walipita upesi, macho chini. Siku nyingine alisinzia na bakuli mkononi, uji ukamuunguza paja, na alipoamka hakulia kwa kuungua, alilia kwa kuwa ameamka.

"Mke wangu," alimwambia Hidaya jioni ile, "kufa siogopi. Ninachotaka ni kulala usiku mmoja, mzima, kama watu, kabla sijafa."

Hidaya alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na ukaidi mwingi, na neno hilo alilichukua kama mtu achukuavyo mzigo: aliliweka kichwani akaanza kutembea nalo. Siku ya gulio iliyofuata aliteremka Mkuyuni na ndizi zake, akaenda moja kwa moja kwenye duka la Mhindi. Nyuma ya duka hukaa mama wa mwenye duka, Induben, bibi wa Kibaniani ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi. Hidaya alikuwa ameviona siku nyingi, akaona haya kuuliza. Safari hii aliuliza.

Induben hakuwa na dawa ya kuponya, na hakumdanganya. Alisema maradhi yale anayo mwaka wa ishirini na atazikwa nayo, lakini usingizi aliupoteza akaurudisha. Akamweleza namna, huku akifungua na kufunga vile vidole kwa shida. Mgonjwa aote jua la asubuhi mpaka viungo vilainike, kisha atembee, hata kama anachechemea. Ale kabla jua halijatua. Magharibi atie mikono na miguu katika maji ya moto yenye chumvi, apakwe mafuta ya ufuta na manjano, mchanga wa mto ukaangwe ufungwe kwenye kitambaa uwekwe magotini. Kitanda kiinuliwe mbali na unyevu wa ardhi, naye alale peke yake, asije akaguswa kiungo akazinduka. Na saa iwe ile ile kila siku, apate usingizi asipate.

"Lakini haya yote ni maji kwenye kikapu," alisema Induben, "kama mumeo atalala mchana na kukesha nje usiku. Mtoe kwenye hiyo kazi, mama. Akikaa nje kwenye ukungu, mimi usiniulize tena."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Hidaya alipomweleza mumewe, Mwinjuma aliuliza swali moja tu, nani atalinda, kisha akageukia ukutani. Alimwapia kabisa kwamba hatateremka dunguni akamwachia mwanamke au mzee wakati ukoo unamlimia. Basi Hidaya akamwendea Hatibu, jirani wa ng'ambo ya bonde, mwanamume pekee mwenye nguvu aliyebaki upande ule. Hatibu alikuwa na dungu lake na mahindi yake, na nguruwe wake pia hawakuwa na likizo. Alikataa, tena kwa adabu, na huwezi kusema alikosea.

Hidaya alirudi nyumbani, na uongo aliutunga akinawa miguu mlangoni. Alimwambia mumewe kwamba Hatibu amekubali kulinda mashamba yote mawili kwa zamu, kwa malipo ya kazi ambayo yeye Hidaya atamfanyia. Ila ameomba jambo moja: asishukuriwe wala asitajwe, kwani jumbe akisikia kuna mtu ana nguvu za mchana na za usiku, kesho jina lake liko kwenye orodha ya reli. Mwinjuma aliliona hilo lina akili. Miaka hiyo mtu mwenye nguvu alizificha kama mtu afichavyo jipu.

Basi wakaanza. Kitanda kiliinuliwa, godoro likajazwa sufi mpya, na Hidaya akahamishia mkeka wake kwenye kibanda cha jikoni, ili asimguse. Kila asubuhi alimtoa mumewe juani kama mpunga. Mchana macho ya Mwinjuma yalipofumba alimwita kwa jina, akampa njugu za kumenya, akamtuma kwa majirani kupeleka kitu ambacho hakikuwa na haraka. Mwinjuma alimchukia mkewe kwa siku saba. Magharibi ikifika Hidaya alimlisha, akamkanda, akamfunika, akaweka mchanga wa moto magotini, akafunga mlango. Kisha alichukua kaniki yake ya pili, akapita nyuma ya migomba, akapanda dunguni.

Usiku wa siku za mwanzo Mwinjuma alilala macho, akisikiliza. Debe lilipigwa mlimani kwa vipindi, kamba zikavutwa, vifuu vikagongana. Asubuhi alimwambia mkewe kwamba Hatibu anajitahidi, lakini anapiga debe kama mwanamke anayetwanga, na mbona hapigi kelele hata moja? Mlinzi lazima apaze sauti. Hidaya alicheka, akasema pengine anaumwa koo. Usiku wa tano Mwinjuma alisikia debe mara tatu tu. Usiku wa tisa hakulisikia kabisa.

Alilala. Jamani, alilala. Aliamka jogoo akiwa amechoka kuwika, mate yamekauka shavuni, akakaa kitandani akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Vidole vilikuwa vimevimba bado, lakini moto umepungua, na alipovikunja vilikunjika nusu. Alimwita Hidaya aje aone. Hidaya alikuja kutoka jikoni na unga mikononi, akaishika ile mikono, akaikunja mwenyewe polepole, akasema alhamdulillahi mara tatu. Alilia kidogo. Mwinjuma alidhani ni furaha, na kweli sehemu kubwa ilikuwa furaha.

Tangu siku hiyo usingizi ulikuja kila siku saa yake, baada ya sala ya isha, mtu angeweza kutambua saa kwa kope za Mwinjuma. Naye, kama mtu yeyote aliyepata kitu uzeeni, hakuweza kunyamaza. Kwenye kibanda cha sala aliwaambia wanaume kwamba usingizi ni mtamu, hawaujui utamu wake kwa kuwa hawajaukosa, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliwaeleza habari za mchanga wa moto na mafuta ya ufuta. Wanaume walimsikiliza, wakatazamana, wakaenda zao. Alipokutana na Hatibu njiani alimkonyeza kidogo, ile ya watu wenye siri, na Hatibu akageuza uso akatema mate pembeni. Mwinjuma aliona huyo mtu anajua kutunza siri.

Kwani wote walijua. Mlima mzima ulijua nani yuko dunguni, isipokuwa mtu mmoja. Na wote walidhani yeye ndiye aliyemtuma mkewe kwenye ukungu ili yeye alale juu ya sufi. Kwa nini hawakumuuliza? Kwa kuwa mambo ya mume na mke ni ya mume na mke, nasi hatujafundishwa kutia mkono kwenye chungu cha watu. Mosi alimuuliza dada yake mara moja, naye akamjibu kwamba ni mapatano yao nyumbani, asiingie. Mosi hakuingia. Alifunga mdomo, na moyo nao akaufunga, akawa anampa shemeji yake salamu nusu.

Mwinjuma hakuwa kipofu. Aliona mkewe amekonda, aliona anasinzia akisaga, mkono ukizunguka wenyewe juu ya jiwe. Alimwonea huruma akamshauri. Alimwambia ale kabla jua halijatua, alale mapema, saa ile ile kila siku, asilale mchana. Hidaya aliitikia kwa heshima zote kwamba atajaribu.

Wiki ya nne mvua za mwisho za masika zilishuka na upepo kutoka juu kwenye misitu, siku tatu mfululizo usiku kucha, mvua ile ya Uluguru ambayo hainyeshi bali inakaa. Paa la dungu lilivuja. Asubuhi ya tatu Hidaya alirudi jikoni na hakuwasha moto. Mwinjuma alimkuta amejikunja kwenye mkeka, meno yanagongana, kaniki imelowa. Alisema alikwenda mtoni alfajiri akateleza. Mwinjuma alimbeba kwa mikono ile ile aliyoiponya mkewe, kwa shida, akamlaza kwenye kile kitanda kilichoinuliwa, akamkaangia mchanga, akamwekea kifuani pale alipoonyesha kuwa pana kisu.

Kilikuwa kichomi. Siku nne alikohoa. Mosi alikuja kila siku, akakaa upande wa pili wa kitanda, asimtazame shemeji yake. Siku ya nne adhuhuri Hidaya alifungua macho, akamtafuta mumewe.

"Jana ulilala?" alimuuliza.

Mwinjuma alisema alilala kidogo. Hidaya alionekana kuridhika. Kabla ya alasiri alikuwa amekata roho.

Walimzika kesho yake. Basi kwetu kuna watani, watu wa ukoo mwingine wenye ruhusa ya kusema kwenye msiba lile ambalo ndugu hawasemi. Hucheza mambo ya marehemu, jinsi alivyotembea, alivyogomba, na watu hucheka machozi yakiwatoka, nao hakuna wa kuwakasirikia. Mtani wa ukoo wa Hidaya alikuwa Pazi, mtu mrefu mwenye uso wa huzuni, na kwa hiyo mchekeshaji kweli kweli. Watu waliporudi kutoka makaburini Pazi alitokea amejifunga kaniki ya mwanamke, ana debe. Mtani mwenzake akajilaza kwenye mkeka, mikono kifuani, akaanza kukoroma. Pazi akanyata kwa vidole, akamfunika, akampapasa magoti, kisha akakaa mbali akapiga debe taratibu, mdomo ameubana asitoe sauti. Kila alipopiga alimgeukia yule anayekoroma kuona kama ameamka.

"Polepole," Pazi alijiambia kwa sauti nyembamba, "polepole, baba amelala."

Watu walicheka. Mwinjuma naye alitabasamu, kama ada, maana Pazi alikuwa amempatia Hidaya hasa, ile shingo, ule ukaidi. Kisha aliona hakuna anayemtazama Pazi. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Shemeji," alimuuliza Mosi, "debe la nini?"

"Usinichezee. Wewe si mtani."

"Wallahi nakuuliza. Debe la nini?"

Mosi alimgeukia, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akamtazama usoni, akaona kwamba mtu huyu hajui. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na pengine angeweza kulimeza. Hakulimeza. Alimwambia kwamba Hatibu hakulinda hata usiku mmoja.

"Dada yangu alikuwa dunguni usiku ishirini na sita," alisema. "Wewe ulikuwa umelala."

Mwinjuma aliketi mchana kutwa kwenye mkeka wa wafiwa, akipokea mikono ya watu, na kila mkono ulioshika mkono wake aliujua sasa ulikuwa umejua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba alimpenda yule mwanamke na alikuwa amemtumia kama mto wa kulalia. Angalau Hidaya angemwambia, naye akamkatalia. Lakini ndiyo sababu hakumwambia.

Jua lilipokuwa linatua aliondoka matangani bila kuaga, akajikokota mpaka shambani, akapanda ngazi. Siku zile za ugonjwa dungu lilikaa tupu, lakini nusu ya mahindi ilikuwa imesimama bado, yamekomaa, yamebakiza siku kumi kuvunwa. Kwenye sakafu ya dungu nyasi zilikuwa zimelala pale Hidaya alipokuwa akikaa, padogo, hapamtoshi mtu mzima. Mwinjuma alikaa pembeni yake. Aliapa kwa Mungu kwamba hatafumba jicho mpaka hindi la mwisho liingie ghalani, na hakuna mtu chini ya mbingu aliyeapa kwa moyo safi kuliko yeye.

Alipiga debe. Alivuta kamba. Alipaza sauti yake kama impasavyo mlinzi, na ng'ambo ya bonde Hatibu akamjibu. Nguruwe walikoroma chini kwenye magugu wakarudi. Kisha isha ikapita, na kope zikaanza.

Alisimama, zikamfuata. Alijimwagia maji ya kibuyu usoni. Aliyaita maradhi yake, miaka yote aliyokuwa akiyafukuza, akayasihi yaje. Alikibana kifundo cha kidole kilichovimba kati ya kirungu na debe mpaka akaona vimulimuli. Maumivu yalikuja, lakini hayakutosha. Alimwita Hidaya kwa jina lake la usichana, kwa sauti, akamwomba amwamshe. Alikaa chini ili apumzishe magoti kidogo, kidogo tu, huku mkono umeshika kamba.

Jua ndilo lililomwamsha. Alijinyoosha, akavuta pumzi ndefu, na kwa muda wa pumzi ile moja alifurahi, jinsi alivyolala vizuri. Kisha akakumbuka yuko wapi, na kwa nini.

Mahindi yalikuwa chini. Upande wa bonde, upande wa migomba, mpaka chini ya ngazi yenyewe, mabua yalikuwa yametafunwa na udongo umefukuliwa. Mosi alikuwa amesimama katikati yake na jembe begani. Alionekana amesimama hapo muda mrefu bila kumwamsha.

 Mosi hakumgombeza. Alisema kwa upole, upole ambao alikuwa amemnyima tangu zile salamu nusu zianze:

"Teremka, shemeji. Nenda nyumbani ukalale. Hapa hakuna tena cha kulinda."

Mwinjuma aliteremka ngazi moja moja. Macho yake yalikuwa bado yana usingizi.